Gari Lililokaa Chumbani kwa Mama Viti

Mama Viti aliondoka nyumbani kwake siku saba kwenda kumzika mama yake mzazi. Aliporudi alikuta ukuta mmoja wa chumba chake cha kazi umebomolewa, cherehani yake imesukumwa kwenye korido na kufunikwa gunia, na pale palipokuwa na meza yake ya kukatia pamelala fremu ya chuma yenye magurudumu matatu. La nne lilikuwa bado linatafutwa.

"Pole na msiba," mumewe alimwambia, nyundo mkononi. "Chumba nimekiazima kidogo. Miezi mitatu tu, gari litakuwa limekwisha."

Hiyo ni miaka kumi na moja sasa.

Mtu anayeazima kitu humwomba mwenyewe kwanza. Mama Viti hakuombwa. Na kwa kuwa alirudi na macho mekundu, majirani waliokuja kumpa pole walidhani analia kwa ajili ya mama yake peke yake.

Jina hilo la Mama Viti lilitokana na kazi. Hushona viti: vya magari, vya saluni, vya kumbi za harusi, na mara moja kiti cha daktari wa meno ambacho kilikuja na alama za kucha za wagonjwa kwenye mikono yake yote miwili. Shule hakwenda. Kwao walikwenda kaka zake, na yeye alibaki kuwachotea maji ya kunawa wakirudi. Kipimo chake ni kamba yenye vifundo, hesabu zake ziko kichwani, na hajawahi kukosea kwa zaidi ya upana wa kidole. Chumba kile alikisakafu kwa mikono yake mwenyewe. Ndicho pekee chenye dirisha linalopata mwanga tangu asubuhi, na mtu anayeshona uzi mweusi kwenye ngozi nyeusi anajua thamani ya dirisha. Kwenye korido alikuwa na balbu moja, na kila aliyekwenda chooni alimwambia, "Samahani, kunja miguu."

Mumewe aliitwa Injinia. Jina alijipa mwenyewe, na watu wakamwachia kwa kukosa nguvu ya kubishana. Kazi yake hadi alipostaafu ilikuwa kutunza stoo kwenye karakana ya barabara. Aliwapa mafundi spana na kuandika nani kachukua ipi. Miaka ishirini na tisa aliangalia spana zikienda kazini bila yeye. Basi alipopata picha ya gari la mbio kwenye kalenda ya zamani, gari la watu wawili, jekundu, lililolala chini kama sahani, alisema hilo atalitengeneza mwenyewe, na akasubiri msiba.

Gari lilitengenezwa kweli. Hapo Mama Viti hamsingizii. Injini ilitoka kwenye teksi iliyogongwa, usukani ulitoka kwenye gari la kubebea maiti, na bodi aliifinyanga kwa faiba kipande kwa kipande, nyumba nzima ikanuka gundi mwaka mzima. Viti viwili alivishona Mama Viti, kwa ngozi nzuri nyekundu aliyokuwa ameihifadhi kwa ajili ya kochi lake mwenyewe. Wageni walipovisifu, Injinia alisema, "Ah, nilihangaika navyo."

Siku injini ilipowaka kwa mara ya kwanza, miaka mitatu iliyopita, alijawa na furaha hata akaahidi bila kuombwa. Dada yake mkubwa alikuwepo, na Fyuzi pia alikuwepo. Fyuzi ni fundi umeme wa magari na rafiki yake, aliyepewa jina hilo kwa sababu kila gari akiletewa husema tatizo ni fyuzi.

"Sikilizeni wote," Injinia alisema. "Siku gari hili litakapopanda mlima mpaka juu na kurudi bila kuchemka, nalitoa humu chumbani, mama watoto anarudi mahali pake."

"Unasema mbele ya dada yako?" Mama Viti aliuliza.

"Mbele ya dada yangu na mbele ya Fyuzi."

"Bila kuchemka hata kidogo?"

"Hata mvuke usionekane. Wiki ijayo tu, mke wangu, mbona unanikamata shati?"

Mama Viti alichukua kamba yake ya kupimia akafunga kifundo kimoja cha ziada mwishoni, mbali na vingine. Hakupima kitu kwa kifundo hicho.

Wiki iliyofuata gari lilichemka. Lilichemka penye kona ya mashine ya kusaga, katikati ya mlima, likatoa mvuke mwingi hadi wasagaji wakatoka nje wakidhani mashine imeungua. Walilisukuma hadi nyumbani. Jumapili iliyofuata lilichemka pale pale. Watu wakaliita Birika, na jina likashika kiasi kwamba hata waliokuja kuuliza njia waliambiwa, "Nenda mpaka nyumba ya Birika, kata kushoto."

Ajabu yake ni kwamba likiwa limesimama halikuchemka kabisa. Injinia aliliwasha chumbani kila Jumamosi, saa nzima, mshale wa joto ukatulia kwenye alama ya pili kama uliochorwa. Alikuwa anaita watu waje waone. Lilikuwa gari zuri sana kwa mtu asiyekuwa na mahali pa kwenda. Jumapili likitoka, kilomita mbili tu, mshale unapanda. Likifika kwenye mashine ya kusaga, maji yanarushwa nje.

Injinia alitibu kila kitu. Alifunga rejeta ya kupozea maji ya injini, kubwa zaidi, kisha kubwa kuliko hiyo, ya lori, hadi pua ya gari ikabidi ikatwe na kuundwa upya. Akatoboa boneti matundu ishirini na manne, mvua ikawa inaingia. Akabadilisha pampu ya maji mara mbili na gasketi mara tatu, akaongeza tenki la pili la maji nyuma ya viti, na tenki hilo likapasuka likamwagia Fyuzi mgongo. Kitu kimoja tu hakukigusa, feni, kwa kuwa feni ilikuwa inazunguka na kila mtu anaona inazunguka. Alihama nayo kutoka rejeta hadi rejeta.

"Tatizo ni hewa ya mlimani," alisema mwishowe. "Nyepesi."

Mlima wenyewe ni wa dakika kumi kwa miguu.

Mama Viti alikuwa akisukuma. Kila Jumapili, miaka mitatu, pamoja na Fyuzi na wasagaji, huku mumewe akiwa ndani ameshika usukani kwa sababu mtu lazima aushike. Alikuwa anashika kwenye kona ya nyuma ya kulia, na rangi hapo ilikuwa imeanza kufifia kwa kiganja chake. Hakuchukia kusukuma. Alichukia kwamba wanalisukuma kurudi chumbani kwake.

Siku moja katikati ya juma Injinia alitoa pua nzima ya gari akaipeleka kupakwa rangi. "Fagia humo," alimwambia mkewe, "kabla rangi haijarudi isije ikashika vumbi." Yeye akaenda kukaa na wenzake.

Mama Viti aliingia na ufagio. Hakuwahi kuiona rejeta ikiwa wazi namna ile, mbele na nyuma. Upande wa mbele, unaotazama barabara, ulikuwa safi kama sinia. Upande wa nyuma, unaotazama feni na injini, ulikuwa umevaa blanketi. Aliinama akalivuta kwa kidole. Lilikuwa pamba. Nyuzi, vumbi la sponji na manyoya ya vitambaa, vyote vilivyokuwa vinatoka kwenye cherehani yake pale koridoni na kupita chini ya mlango. Aliona buluu ya viti vya ukumbi wa harusi wa mwaka juzi. Aliona kijani cha basi. Aliona nyekundu ya ngozi ya kochi lake.

Aliegemeza ufagio ukutani.

Yeye alikuwa na feni yake ndogo ya mezani koridoni, na kila mwezi alikuwa akiifungua na kuisafisha kwa sindano na kitambaa. Uchafu siku zote ulikuwa nyuma ya feni. Feni huvuta kwa nyuma na kupuliza kwa mbele, na kinachovutwa ndicho kinachonasa. Sasa kama pamba imenasa kwenye rejeta upande wa injini, basi upepo unaingilia upande wa injini na kutokea upande wa barabara.

Aliwasha ufunguo, feni ikaanza. Alikata uzi mrefu kiasi cha mkono, akaushika mbele ya rejeta. Uzi ulipepea kwenda mbele, kuelekea pengo la ukuta, kana kwamba unataka kutoka nje.

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa shida. Gari likisimama, feni inatoa joto kwa mbele na hakuna wa kuizuia. Gari likienda, upepo wa barabara unakuja kwa mbele, feni inausukuma urudi ulikotoka, na pepo mbili zinakutana katikati ya rejeta zinakaa hapo zinatazamana. Rejeta inabaki bila upepo. Miaka mitatu Injinia alikuwa anapuliza barabara.

Mumewe aliporudi, Mama Viti alimwambia. Alimwambia vizuri, bila kumcheka, jambo ambalo lilimgharimu nguvu.

"Feni inapuliza kinyume."

"Feni haina kinyume, mama," Injinia alisema, akivua viatu. "Feni ni feni. Inapepea."

"Nimeweka uzi mbele yake. Umekwenda mbele."

"Uzi!" Aligeuka kumtazama dada yake aliyekuwa amekuja kumtembelea na kukalia kiti kizuri. "Dada, unasikia? Nimefunga rejeta ya lori, mwenzangu ameleta uzi."

"Wifi," dada mtu alisema kwa upole wa kuudhi, "haya mambo yana vitabu vyake. Wewe hata ile saa ya joto huwezi kuisoma."

"Siisomi. Nauona mshale umekaa wapi."

"Ndiyo nasema."

"Feni hii uliitoa gari gani?" Mama Viti alimuuliza mumewe.

"Kwenye lile basi dogo. Kwani?"

"Kule ilikaa mbele ya rejeta au nyuma?"

Injinia alifikiri. "Mbele. Lakini kwangu hapakuwa na nafasi mbele, nikaifunga nyuma, uso wake ukiitazama rejeta vile vile. Feni ile ile, rejeta ile ile, tofauti iko wapi? Chai iko?"

Chai ilikuwepo. Mama Viti alimmiminia, akaongeza sukari kama anavyopenda.

Ijumaa Injinia alikwenda kunyoa. Kinyozi wake ni mtu wa maneno mengi, na Injinia naye si haba, kwa hiyo kunyoa kichwa chenye upara nusu huchukua saa mbili. Mama Viti alitumia dakika tano. Mota ya cherehani yake iliwahi kurudi kutoka matengenezo ikizunguka kinyume, na Fyuzi aliirekebisha mbele ya macho yake kwa kubadilishana nyaya mbili. Feni ya gari nayo ilikuwa na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Alizichomoa, akaweka nyekundu penye nyeusi na nyeusi penye nyekundu. Zilikuwa fupi, zikalegea, kwa hiyo akazizungushia utepe wa umeme na juu yake akafunga uzi wa nta kwa kile kifundo anachofungia vishikizo vya makochi, kisichofunguka hata mtoto akirukaruka juu yake. Akaweka uzi mbele ya rejeta. Uzi ulivutwa ndani ukajibandika kwenye mapezi, yale mabati membamba ya rejeta.

Muda ulikuwa bado upo. Kulikuwa na nafasi kati ya rejeta na bodi, pande zote, pana kiasi cha kupitisha mkono. Upepo wowote wenye akili ungepita hapo badala ya kujibana kwenye mapezi. Alikata sponji na ngozi nyeusi akashona pindo kuzunguka rejeta yote, likabana kama kola ya shati.

"Nini hiki?" Injinia aliuliza Jumamosi, pua mpya ya gari mikononi.

"Nimekushonea pindo. Lipendeze."

Injinia alilipapasa. "Limependeza," alikubali. "Angalau siku hizi unaliunga mkono."

Jumapili Fyuzi alisema mgongo haumruhusu. Ilibidi mtu mwingine akae kiti cha pili kupakata madumu ya maji. Mama Viti alivaa kitambaa kichwani akaingia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukalia kiti alichokishona. Aligundua kwamba mshono wa kushoto ungehitaji kurudiwa.

Waliondoka. Yeye hakuangalia barabara, aliangalia mshale. Ulipanda hadi alama ya pili ukakaa. Walipita shule, mshale umekaa. Wakaanza mlima, injini ikanguruma, mshale ukanyanyuka upana wa sindano, ukafikiri, ukarudi. Kwenye kona ya mashine ya kusaga wasagaji watano walikuwa wamekwisha kujipanga kando ya barabara, mikono myeupe kwa unga, mmoja amekunja suruali. Gari likawapita. Mama Viti aligeuka akawaona wamesimama vile vile, mikono mbele, wakisukuma hewa.

Juu mlimani Injinia alisimama, akazima injini, akasubiri. Alizoea kusikia maji yakichemka. Alisikia ndege. Akagonga kioo cha saa ya joto kwa ukucha.

"Imeharibika," alisema.

"Shika rejeta."

Alishuka akaishika. Akaiacha mikono hapo kwa muda mrefu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika kituoni akakuta safari imeahirishwa. Madumu ya maji yalirudi yamejaa.

Nyumbani watu walikuwa wamekusanyika kusaidia kusukuma. Walipoona Birika linaingia lenyewe walipiga makofi, na Injinia aliyapokea yote.

"Nilijua," alisema. "Ilikuwa suala la hesabu tu. Rejeta, ujazo, mwinuko. Mtu hakati tamaa."

"Feni je?" Fyuzi aliuliza. Alikuwa ameshafungua boneti na kuingiza kichwa. "Maana naona umegeuza nyaya."

"Nilizigeuza, ndiyo."

"Lini?"

"Juzi juzi."

Fyuzi alivuta waya kidogo kwa kidole, akainua kichwa. "Na kifundo hiki ni cha wapi? Hiki si cha gereji, ndugu yangu."

Injinia aliinama kutazama. Alikitambua. Miaka thelathini alikuwa akikalia vifundo hivyo. Dada yake naye aliinama, akatazama, akakumbuka kwamba ameacha nguo kwenye kamba.

"Shemeji," Fyuzi alimwambia Mama Viti taratibu, "tumesukuma miaka mitatu."

"Nilimwambia. Akauliza chai."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Injinia alifunga boneti kwa uangalifu mkubwa, kama anayemfunika mtoto, akaingia ndani ya gari na kuliwasha. Akaweka gia ya kurudi nyuma. Gari likaanza kurudi polepole kuelekea lile pengo la ukuta, kama kila Jumapili.

Mama Viti alikwenda akasimama kwenye pengo. Taa mbili za nyuma zilimfikia magotini zikasimama.

"Toka hapo, mama, nitakukanyaga."

"Uliahidi."

"Ile ilikuwa kauli ya furaha tu! Gari hili halina paa. Nilaze wapi?"

"Uliahidi mbele ya dada yako na mbele ya Fyuzi. Limepanda, limerudi, mvuke haukuonekana."

"Mwaka huu tuache, mwakani nitajenga kibanda..."

Mama Viti alitoa kamba yake ya kupimia shingoni. Hakupandisha sauti. Wakati wote huo hakuna aliyemsikia akipandisha sauti, na waliosimulia baadaye walisema hilo ndilo lililowatisha.

"Mume wangu," alisema, "zile nyaya mbili zinaweza kurudi zilipokuwa. Ni dakika tano. Na kila ukizigeuza nitazirudisha, kila utakapokwenda kunyoa, mpaka wewe uzeeke na mimi nizeeke. Wasagaji wamezoea."

Injini ilinguruma. Mshale ulikuwa kwenye alama ya pili. Injinia alimtazama Fyuzi, na Fyuzi akaanza kuchunguza ukucha wake. Alimtafuta dada yake, lakini dada alikuwa ameshafika kwenye nguo zake.

Alizima injini.

Alasiri ile ile Fyuzi, ambaye mgongo wake ulikuwa umepona ghafla, alisaidia kubeba cherehani kutoka koridoni. Meza ya kukatia ililetwa ikawekwa kuziba pengo lote, kutoka ukuta hadi ukuta. Sakafuni palikuwa na doa la oili kubwa kama beseni. Mama Viti alilisugua kwa sabuni, kwa mchanga, kwa mafuta ya taa, na halikutoka. Akaweka mguu mmoja wa cherehani juu yake akaanza kazi, maana viti vya saluni vilikuwa vinasubiriwa. Kabla ya kukanyaga pedali alifungua kile kifundo cha mwisho cha kamba yake. Kilikuwa kimekaza, ikabidi atumie meno.

Siku ya tatu mvua ilinyesha. Injinia alikuja akasimama upande wa pili wa meza, kule nje, kichwani ana gunia.

"Linaingia maji," alisema.

"Naliona."

"Ulikuwa na turubai zuri. Ungelishonea kifuniko."

Mama Viti alivuta kamba yake, akamrushia ncha moja juu ya meza. "Pima urefu. Pua mpaka mkia. Hesabu vifundo, usikadirie."

Injinia alikwenda kwenye mvua akapima. Akarudi akasema vifundo kumi na saba na nusu.

"Kitakuwa lini?"

Mama Viti aliangalia kazi zilizopangwa ukutani: viti sita vya saluni, makochi mawili, kiti kimoja cha dereva wa lori. Mwanga wa dirishani, hata na mvua, ulitosha kuona uzi mweusi kwenye ngozi nyeusi.

"Njoo Alhamisi," alisema. "Si hii. Ile nyingine."